Wajukuu wa Papa Zunguka

Kalundu, bandarini, nyuma ya hangari ya samaki

Yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu weye kwanza kwa sababu ni weye unayejua kusoma, halafu utawagawia wengine salamu zao kwa kufuata umri, wasije wakagombana. Uko namna gani? Magoti ya Mama yanamwacha alale? Na yule mbuzi wetu mwenye pembe moja, bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Minye niko mzima. Magunia yameninenepesha shingo, na wasichana wa hapa bandarini wananiita Winchi. Usicheke, wananiita kweli, uliza mtu yeyote.

Sasa sikiliza. Msomee Mama barua hii kabla mtu mwingine hajaingia uani. Juzi Mama Sikujua, jirani yetu yule muuza samaki wa ndagala, alinipita hapa nikiwa na gunia la unga begani. Aliona kichwa changu kimenyolewa. Akashika mdomo, akasema, "Yesu wangu, Baba Neema," akageuka na beseni lake akaenda zake. Nilimwita, lakini mwenye gunia hawezi kumkimbiza mwenye beseni. Najua anakuja Luvungi, na najua atakachosema: Shukuru amenyoa, basi baba yao amekufa, tuanze kilio.

Papa wetu hajakufa, Yaya. Sijasikia hivyo kwa mtu yeyote. Kila boti inayotoka Baraka au Kalemie naenda kuulizia, wananiambia hawajui, nami narudi kwenye magunia yangu. Kunyoa nimenyoa kwa ajili ya mtu mwingine, tena si kichwa kizima. Nitaeleza. Mama asifunge kitambaa cha kilio. Bahati yetu ni kwamba Mama Sikujua anasimama kila mji kusalimia mpaka apewe maji, na kijana niliyempa barua hii ana pikipiki na hapendi maneno.

Huyo mtu mwingine ni Papa Zunguka. Ndiyo, yule yule. Kaa kwanza, halafu endelea kusoma.

Unakumbuka alivyokuwa anatufikia siku ya soko, wakati njia yetu ilikuwa bado njia, haijaanza kufungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Anakuja na baiskeli, na nyuma yake debe kubwa la mafuta alilolitoboa matundu marefu, membamba, kuzunguka pande zote. Anachomeka mti ardhini, juu ya mti analaza gurudumu kama sahani, juu ya gurudumu anaweka debe. Ndani ya debe anapanga karatasi ya mfuko wa simenti yenye picha zake alizochora kwa makaa na wino, kila picha imesogea kidogo kuliko mwenzake. Sisi tunasimama duara, kila mtu na tundu lake, tunapiga kelele, "Zunguka! Zunguka!" Naye anasukuma gurudumu, na picha zinakuwa hai.

Kiboko wa mto Ruzizi mwenye kofia ya duane, ya watu wa forodha, anadai ushuru kwa vyura. Chura anamrukia kichwani, kofia inaanguka, kiboko anaiokota, chura anaruka tena. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, na tulijua kabisa kwamba kofia itaanguka. Weye ulipenda yule msichana anayetwanga majani ya sombe huku kuku anamvuta kitenge. Ukadai ni weye. Nilipokataa ukanipiga ngumi ya mgongo. Basi, mwaka huu nilimwuliza mwenyewe, akasema ni kweli, alimchora dada yangu, kwa sababu ulikuwa unasimama mdomo wazi mbele ya debe mpaka nzi akaingia. Umefurahi sasa?

Vita vilipomsukuma huku, alikaa Kalundu akitengeneza baiskeli asubuhi, na jioni anazungusha debe lake karibu na wanawake wa samaki. Homa ikamshika. Infirmie wa zahanati alijitahidi, dawa ilikuwa kidogo, homa ilikuwa nyingi. Tulituma habari Baraka kwa dada yake, na asubuhi moja tukamkuta ametulia, hapumui tena.

Yaya, sikujua kwamba watu wote hawa walikuwa wake. Walianza kuingia uani kwake mmoja mmoja. Wabebaji wa mizigo, watu wa pikipiki, mwalimu mmoja wa Kasenga amevaa tai, wavuvi, akina mama wa samaki na harufu zao. Watu wazima wenye ndevu. Kila mmoja aliwahi kubana pua yake kwenye lile debe alipokuwa mtoto, huyu kule Sange, yule kule Makobola, na wote wanalia kama siku waliyoachishwa ziwa.

Ndipo akaja Afande, askari mwenye bunduki, na shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, nyuma yake akitembea upande-upande kama kaa. Siku hizi hapa watu hawaruhusiwi kukusanyika, isipokuwa familia ikiwa na kilio.

"Hapa kuko nini?"

"Kilio, Afande."

"Ya nani?"

"Ya Papa Zunguka."

"Familia yake iko wapi?"

Mzee hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, na dada yake alikuwa bado ziwani. Tukitawanywa, vijana wa shefu wangemfunga kwenye mkeka na kumfukia saa ile ile, bila wimbo, kama mbwa aliyeokotwa barabarani. Unaujua mdomo wangu, haungojei ruhusa.

"Familia ni siye hapa, Afande. Siye bajukuu. Minye ndiye mukubwa wao."

Akatutazama. Mvuvi Muvira, mama Mufuliru, mchunga ng'ombe Murundi wa bondeni, mbebaji Mubembe mwenye mabega kama mlango. Hao watu siku hizi hawakai hata benchi moja.

"Bote hawa? Muzee moja anazaa namna gani Bavira, Bafuliru, Barundi na Babembe?"

"Alikuwa na baiskeli, Afande."

Nilimwona akiuma mdomo kwa ndani asicheke. Halafu akanisogelea.

"Na weye, baba yako ndiye mutoto wake?"

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

Hapo, Yaya, nilitafuta uongo, na minye sikosi uongo, lakini ulikataa kuja.

"Iko njiani."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya vita, batu walikimbia."

"Basi alikufa."

"Hapana, Afande. Iko njiani."

Alinitazama sana. Nadhani na yeye ana mtu njiani, sikumwuliza. Akavuta kiti cha marehemu, akakaa, akaweka bunduki magotini.

"Sawa. Lakini kwetu mujukuu halii. Mujukuu anacheka babu yake mpaka shimoni. Nikiona chozi hapa, nitajua muko waongo, na kila mutu ataenda kwake."

Ndiyo hivyo, hata kwetu ni hivyo. Kama ningesema sisi ni watoto wake, tungelia vizuri kwa raha zetu. Nilisema wajukuu, basi tukalazimika kuchekesha. Wenzangu walinitazama kwa macho ya kuniua.

Yule Mubembe ndiye aliyeanza. Akajilaza mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka ilipe baiskeli yake, aliyoileta ikiwa na breki akarudishiwa ikiwa na kengele tu. Mwingine akavaa kofia ya mzee akakohoa kama yeye, kile kikohozi cha kuomba chai. Fatuma wa samaki akasimama, mikono kiunoni.

"Huyu babu yenu alitaka kunioa. Alinichorea picha. Mwili wa samaki sangala, kichwa changu minye. Akasema ndiyo uzuri wote anaoujua."

"Na ulijibu nini?"

"Nilimwuliza kama sangala anaolewa na mifupa kama yeye."

Watu wakacheka, macho yamekuwa mekundu kama pilipili. Yule mwalimu kila mara alikwenda nyuma ya choo kupiga kamasi, akarudi anatabasamu, tai imelowa. Minye sikulia. Moshi wa kuni ulikuwa mwingi.

Mchana boti ya Baraka ikafika na dada wa marehemu. Mwanamke mfupi, mkavu, mkono umeshika fimbo na mwingine umeshika viatu. Akasimama katikati ya uani na kicheko chetu kikakatika.

"Naona bajukuu," akasema. "Mutoto iko wapi? Nani atatupa udongo wa kwanza?"

Afande akaninyooshea kidole kutoka kwenye kiti chake.

"Baba ya huyu iko njiani. Mutoto akikosekana, mukubwa wa bajukuu anakaa nafasi yake. Si ni hivyo?"

"Ni hivyo," akasema yule mama. Alijua kaka yake hakuzaa. Akanitazama minye, akatazama bunduki, akatazama umati, na akaelewa yote kabla sijapepesa jicho. "Kumbe uko mutoto wa yule. Umekua. Lete wembe."

Yaya, nimebeba magunia mawili kwa pamoja mbele ya mashahidi. Nimevuka bariera ya askari walevi nikiimba. Lakini mbele ya ule wembe nilirudi nyuma hatua moja. Mtu ambaye baba yake yuko hai hanyoi, Mama ametufundisha hivyo tangu utoto. Nikinyoa, kichwa changu kitasema kile mdomo wangu ulichokataa kumwambia Afande. Nikikataa, basi hakuna mtoto, hakuna familia, hakuna kilio. Nikapiga magoti karibu na mkeka alipokaa yule mama, nikamsemesha sikioni.

"Shangazi, papa yangu wa kunizaa iko muzima. Labda."

"Labda?"

"Labda."

Akafikiri, akipangusa wembe kwenye kitenge chake.

"Basi unataka nifanye nini?"

"Unyoe nusu. Upande wa kulia uwe wa Papa Zunguka. Kushoto usiguse."

Hakuwa amecheka tangu ashuke botini. Alianza na pua, halafu mabega, halafu akacheka wazi na meno yake yaliyobaki. Akaninyoa mwenyewe kwa maji ya baridi, tangu paji la uso mpaka kisogoni, mstari umenyooka kama barabara ya Wabelgiji. Alipomaliza akarudi nyuma kunitazama.

"Kaka yangu angekuwa muzima, angekuchora."

Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Mubembe alinibeba juu kama ndizi, akanisimamisha kwenye kisiki alichokalia mzee siku zote akitengeneza minyororo. "Zunguka," akasema mtu. Wakanizungusha. Nywele, kipara, nywele, kipara, nywele, kipara. Wote walisimama duara, na wengine walikunja vidole wakatazama kupitia vidole, kama kwenye matundu ya debe. "Zunguka! Zunguka!" Akina mama wa samaki wanapiga vigelegele, mwalimu amekaa chini na tai yake, machozi yanashuka na haendi tena nyuma ya choo. Wote walikuwa wanalia, waziwazi, huku wanacheka. Nikatazama kwa Afande nikijua sasa tumekwisha. Alikuwa amevuta kofia mpaka kidevuni na mabega yanamtikisika, na hakuna aliyekwenda kuinua kofia aone ni kicheko au ni nini.

Hatukutawanywa. Tulimzika mchana kweupe, tukaimba nyimbo za Kikatoliki, za Kiprotestanti na moja ya mpira. Udongo wa kwanza nilitupa minye. Na kwa kuwa saa ile nilikuwa mtoto wake na si mjukuu tena, nilikuwa na ruhusa ya kulia. Niliitumia.

Gurudumu na debe Shangazi ametuachia. Fatuma anazungusha siku za samaki wachache. Kiboko amefutika mguu mmoja, anaokota kofia akiruka, na watoto wa siku hizi wanafikiri alichorwa hivyo.

Basi mweleze Mama vizuri. Mama Sikujua alinipita upande wa kulia, na gunia lilikuwa bega la kushoto, limefunika nywele. Hakuona upande wa kushoto, wa Papa wetu. Upande wa Papa uko mzima, umeota vizuri, nauchana kila asubuhi. Kinyozi wa bandarini alinifuata akitaka kusawazisha bure kwa sababu ati namharibia sifa ya kazi. Nimemkatalia. Wasichana hawaniiti Winchi tena, jina jipya sikuandikii.

Nisalimie Mama, umshike mikono yote miwili. Nisalimie Bibi mzaa mama, mwambie meno yangu bado mazuri kuliko yake. Nisalimie shemeji yangu mtarajiwa, yule mwenye suruali moja, na umwambie mahari yako nimeipandisha. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho, asiguse panga langu. Katekista pia, mwambie nasali, hasa bariera zikiwa na walevi.

Na kama Papa akifika kwenu kabla hajapita kwangu, msimweleze habari ya kichwa hiki. Mpeni maji, mpeni chakula, halafu mwambieni ashuke Kalundu na mkasi. Hizi za kushoto namngojea azikate mwenyewe.

Mimi mdogo wako mzuri kuliko wote,

Shukuru