Kisanduku cha Tarehe Kilichomuuliza Mama Mkwe Kama Alipanda Safina

Mpendwa Bi Rafia, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye huombwa, maana hapa Moroni ukitaja Nadjim wa kompyuta hata mbuzi watakuonyesha mlango wangu, na shule niliiacha katikati si kwa ujinga bali walimu waliishiwa la kunifundisha. Kiswahili nimekitoa kwa mjomba wangu wa Unguja, ukiona kosa ni lake.

Basi tangu kisiwa cha Nzwani kijitenge nasi na meli kusimamishwa, watu wengi wa Mutsamudu, mji wake mkuu, wamebaki kule na jamaa zao wako huku, chama chao kikanipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa intaneti, anayetaka kuvuka ajiandikishe, siku meli zikirudi wazee wapande kwanza, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ni lazima, na hapo ndipo nilipoonyesha ufundi, kwani watu huandika upuuzi, mmoja alijaza "mwaka wa kimbunga", mwingine tarehe thelathini Februari, nami nikakipa akili kisanduku cha kujazia tarehe, siku isiyokuwepo kinaikataa, maneno kinayakataa, na kila kosa nikalitungia jibu la utani, mpaka vijana wakawa wanakosea makusudi wapate kucheka, hata bwana mmoja aliyesoma Ufaransa alinipa mkono.

Sasa mchumba wangu Bahia, yuko Mutsamudu, akampeleka mama yake, Mama Moinaidi, kwenye duka la intaneti pale Hombo, mama akataja tarehe aliyoandikiwa na marehemu baba yake ndani ya jalada la Msahafu, saba Rajabu 1371, Bahia akaijaza, na kisanduku changu kikajibu: "Mzee, ulipanda safina na Nabii Nuhu?" Mwenye duka akalisoma kwa sauti, duka zima likacheka.

Mama akasema, "Mwambie fundi wako mimi nina tarehe na baba aliyeiandika. Yeye baba yake alimwandika wapi?" Akatoka, na sasa anasema harusi hakuna.

Bahia amenipigia, "Nadjim, kibadilishe." Lakini Bi Rafia, kisanduku hakikukosea! Nikikibadilisha si watasema namwogopa mkwe? Na nisipokibadilisha nitamkosa Bahia. Nifanyeje?

Nadjim, Moroni

*

Nadjim mwanangu, kwanza pokea hongera, na siitoi kwa kejeli. Kijana aliyekifundisha kisanduku siku za Februari, kwa ajili ya wazee waliokwama, ana haki ya kuvimba kidogo. Kidogo, nimesema.

Lakini kilikosea, tena vibaya. Umekifundisha kukataa, hukukifundisha kuuliza. Hebu niambie, Ramadhani wewe huifunga kwa kalenda ya Paris? Kisiwa kizima kinahesabu kwa Hijria, na mwana wa kisiwa hicho akiona 1371 anamkumbuka Nuhu! Mwaka huo unamfanya mama huyo kuwa na miaka hamsini na kitu. Ana tarehe kamili kuliko yule wa kimbunga, na ndiye uliyemfanya achekwe na watu.

Fanya hivi. Futa utani wote leo, usibakishe hata ule mzuri. Pembeni mwa kisanduku weka mfano wa tarehe, mtu aone kabla hajakosea. Mwaka ukiwa wa elfu moja mia tatu na kitu, kiulize kwa adabu: "Ni mwaka wa Hijria?" Akikosea kweli, mwambie arekebishe nini, na usimfutie aliyokwisha kuandika. Kisha mpigie simu Mama Moinaidi mwenyewe, si kupitia kwa Bahia. Omba radhi, halafu umwombe awe wa kwanza kukijaribu kisanduku kipya, palepale Hombo, mbele ya walewale waliocheka.

Unaogopa kuitwa mwoga wa mkwe? Mwanangu, kwenu bwana harusi ndiye anayehamia nyumba ya mke, na nyumba ya Bahia ameijenga mama yake. Siku hiyo wewe ndiye utakayesimama nje na jina lako na tarehe yako ukibisha hodi, na wa kukubali au kukataa ni yeye. Wahi kabla hajakutungia jibu.