Nimeliosha Tarumbeta Langu Uani

Ijumaa, kabla ya magharibi. Garissa.

Jua la leo halina adabu. Tangu asubuhi limetukalia kichwani, na upepo unaotoka upande wa mto haubebi kitu ila vumbi. Korongo wawili wamesimama juu ya paa la choo cha jirani, midomo wazi, kama wazee waliosahau walichotaka kusema. Nami nina hasira. Naandika nikiwa nayo kwa makusudi, maana ikipoa nitaanza kuandika kwa upole, na upole nimeuchoka.

Leo nimeosha tarumbeta langu uani. Mchana. Mbele ya watu.

Kwa mtu wa mbali hilo si habari. Mwalimu kaosha chombo chake, basi, kuna nini? Lakini anayeishi kwetu anajua. Tangu nirudi nyumbani kufundisha, nimekuwa nikiliosha bafuni, komeo limefungwa, maji nikiyamimina polepole yasisikike, kisha nalikausha chini ya kitanda. Nikifanya mazoezi naliziba mdomo kwa taulo hadi sauti inatoka kama ya ngamia mwenye mafua. Nilijiambia hiyo ni heshima. Heshima gani! Ilikuwa woga.

Jana jioni adeer alikuja. Adeer ni kaka wa marehemu baba, na ndiye aliyetulea baba alipotutoka, kwa hiyo akizungumza nyumba nzima hunyamaza. Alikuwa amesikia kwamba kesho, Jumamosi, ni siku ya wazazi katika shule ninayofundisha, na kwamba mimi na wasichana wangu wa bendi tutapiga wakati bendera inapandishwa. Hakufoka. Angefoka ningepata pa kushika. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Sahra, kesho nikitoka swala ya Ijumaa nitakuja kukichukua hicho kitu nikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma. Msichana wa watu hajazi mashavu hewa mbele ya wanaume."

Kisha akaniombea dua, akaenda zake.

Nampenda adeer, na ninaliandika hili ili mtu asije akasema nimemvunjia heshima mtandaoni. Lakini tarumbeta hili nilipewa na mwalimu wa bendi wa shule ya bweni niliyosomea huko "Kenya", kama wazee wetu wanavyosema hadi leo, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Alinipa siku ya kumaliza kidato cha nne, kwa sababu wenzangu walipokuwa wakikimbilia chakula mimi nilibaki nikilifuta. Vitu vingine vyote nilivyo navyo nimerithi au nimehurumiwa. Hiki nilistahili.

Tena mimi nasali. Adhana ikianza naliweka chini kabla ya mtu kunikumbusha. Si mwanazuoni, lakini adeer naye si mwanazuoni. Ni muuza mbuzi, na muuza mbuzi hodari, ila fatwa yake hii aliiokota barazani kati ya soga moja na nyingine.

Na kuna wale wasichana. Wengine wametoka Kotile, wengine Liboi, na kabla yangu walikuwa hawajamwona mwanamke wa kwao ameshika tarumbeta na dunia ikaendelea kuzunguka. Nisipotokea kesho watajifunza somo ambalo sikuwaandikia ubaoni.

Basi asubuhi nikatandika mkeka uani, nikaanza kulifungua.

Kuosha tarumbeta hakutaki nguvu, kunataka subira, na mimi subira sikuzaliwa nayo. Maji ya moto hapana, yanababua ile rangi ya juu. Maji ya kisima chetu pia hapana, yana chumvi, yakikauka yanaacha ukungu mweupe. Nilinunua maji ya mto kwa mwenye mkokoteni wa punda, nikayaacha tope likae chini, nikayachuja kwa leso, nikatia sabuni kidogo ya vyombo. Vibonyezo vitatu unavitoa na unakumbuka kila kimoja kilikotoka, maana ukivibadilisha pumzi haipiti. Mirija inayochomoka unaichomoa. Halafu unafunga kitambaa kwenye uzi na kukivuta ndani kwa ndani. Kilitoka chekundu kwa vumbi la mji huu mpaka nikaona aibu. Nikavipanga vipande vyote mkekani, kivulini, vikauke.

Mama Mutua, jirani yetu fundi wa cherehani, alinichungulia juu ya ua wa mabati. "Leo mwalimu umeamua," akasema.

Nikamwambia nimeamua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kosa langu lilikuwa mafuta. Vibonyezo visipotiwa mafuta mepesi hukwama, na kichupa changu kilikuwa kikavu. Cha Mama Mutua nacho kilikuwa kimekwisha. Nikatoka mbio kwenda kununua mafuta ya cherehani, nikiwa nimesahau kabisa kwamba ni Ijumaa na saa ile maduka yote yamefungwa, watu wako msikitini. Mtu aliyezaliwa Garissa! Nikajibanza kwenye kivuli cha duka lililofungwa, nikiapa sirudi mikono mitupu, hadi mwenye duka, aliyekawia kuliko wote, akaja na kofia yake kichwani akanifungulia. Muda huo wote tarumbeta langu lilikuwa mkekani vipande vipande, na nyumbani hakuna mtu ila ayeeyo, bibi yangu, mamake baba na mamake adeer.

Niliporudi niliuona moshi kabla sijafika mlangoni.

Ayeeyo alikuwa ameketi kigodani, tarumbeta limesimama kati ya magoti yake, na ndani ya ule mdomo mpana ameingiza kijiti chenye kaa linalowaka. Anakizungusha. Anakigonga kuta za ndani. Anakitoa, anaziba kwa kiganja, na moshi unapenya kwenye matundu ya vibonyezo. Mirija yangu, ile niliyoivuta kitambaa asubuhi nzima, ilikuwa imepangwa pembeni, myeusi tayari.

Ndivyo vyombo vya maziwa vinavyosafishwa kwetu. Ayeeyo alikulia kwenye ngamia, upande wa Habaswein, ambako maji hayakuwa kitu cha kumwagia vyombo. Dhiil, kile chombo cha maziwa cha kusuka, hufukizwa kwa kijiti kinachowaka mpaka ndani kuwe kweusi na kunukie, ndipo maziwa yakae bila kuharibika. Ni elimu ya kweli, nami nimekunywa faida yake tangu utotoni. Lakini tarumbeta si dhiil! Masizi yalikuwa yameingia kila kona ambayo mkono wa mtu haufiki.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpandishia ayeeyo sauti, na leo nimempandishia mpaka kuku wakakimbia.

Hakushtuka. Aliniuliza, "Hiki si kinaingia mdomoni?"

"Kinaingia, ayeeyo."

"Basi. Chombo cha mdomoni, maji ya sabuni yatakifanya nini?"

Akanikabidhi tarumbeta likiwa bado na joto, akasema anataka chai.

Niliingia chumbani nikalia kwa hasira, nasema ukweli. Nilikuwa na hakika adeer amemtuma. Niliuona mpango wote: yeye asilaumiwe, bibi kizee aniharibie kwa nia njema, kisha nani atamgombeza bibi kizee? Nilimchukia adeer kwa muda wa kama robo saa, chuki safi isiyo na maji.

Mama Mutua ndiye aliyenitoa huko. Aliniita uani, anacheka hadi ameshika mbavu. Akaniambia adeer alikuja kweli, moja kwa moja kutoka msikitini, gunia mkononi. Alimkuta mamake tayari ana tarumbeta magotini na kijiti ndani. Kwanza akamgeukia Mama Mutua juu ya mabati, akitafuta shahidi: "Mama Mutua, hii kitu nabiga kelele kila siku. Si nasumbua wewe?"

"Mzee, cherehani yangu inalishinda kwa kelele," Mama Mutua akamjibu, "na hujawahi kuja kunilalamikia."

Basi akarudi kwa mamake. Kisomali cha Mama Mutua ni cha sokoni, lakini neno la "ngoja" analijua, na anasema ndilo pekee lililotoka kinywani mwa ayeeyo. Sug. Kijiti kikizimika, anawasha kingine. Adeer anasimama, anakaa, anasimama tena. Sug. Jiko liko karibu naye, vijiti viko karibu naye, haraka hana.

Na adeer, pamoja na ukali wake wote, ni mtoto wa ngamia vilevile. Anajua kwamba mama akiwa na chombo kwenye moshi hata mwenye njaa husubiri. Hakuna mwanamume wa kwetu atakayemnyang'anya mamake chombo chenye moto ndani. Mwishowe alikunja gunia lake akaondoka bila kuaga.

Nilicheka, kisha nikalia tena, kisha nikaenda kupika ile chai.

Nilipompelekea nilimuuliza kama alifanya kusudi. Alionja chai yangu, akasema haina sukari. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema haina sukari.

Sijui kama ayeeyo anapenda tarumbeta. Huenda analiona kelele tupu kama wengine. Lakini leo amelifukiza kwa mkono wake, na nyumba hii ni yake, si ya adeer wala yangu. Mimi nilikuwa nikilificha chini ya kitanda, yeye alilipakata mbele ya mlango. Nimeona haya, halafu haya yenyewe ikageuka nguvu.

Nikaliosha upya, palepale uani, kwa maji yaliyobaki. Masizi mengine yalikataa kutoka kwenye kona za ndani, nami sikuyabembeleza. Nikatia mafuta, vibonyezo vikaanza kupanda na kushuka vizuri. Nikangoja adhana ya alasiri, nikasali. Kisha nikatoka, nikasimama katikati ya ua bila taulo.

Sauti ya kwanza ilikwaruza na kutoka na vumbi jeusi. Ya pili ikasimama. Ilipotoka ya tatu, niliyahisi mabati ya ua yakitetemeka, na kinywani nikapata ladha ya moshi, ileile ya maziwa ya ngamia. Niliipenda. Nimepiga tarumbeta miaka hii yote na sikuwahi kusikia sauti yake kamili hapa nyumbani hadi leo.

Adeer anaishi ng'ambo ya ukuta wa nyuma. Aliniita. "Sahra!" Mara moja tu, kwa ile sauti inayosimamisha watu.

Nilishusha tarumbeta, nikaitika kama nilivyolelewa. "Haye, adeer."

Nilijua anangoja niingie ndani. Nami nilingoja, muda wa kutosha kwa heshima, endapo alikuwa na neno la kuongeza. Hakuongeza.

Nikalirudisha mdomoni, nikaupiga wimbo wa bendera wote, tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimeuelekea ukuta wake. Kesho asubuhi nitaupiga uwanjani, nimewaelekea wazazi wote, na kiti cha adeer nimeshamwekea mstari wa mbele.