Mfuko Wako Umenilia Picha

Nyumba ya dobi,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hujambo? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Unakula? Usinijibu "nakula, bibi" kama ulivyozoea. Andika unakula nini. Mimi ni mzima. Goti la kulia linanisemesha, nami siliitikii. Mama yako mzima, anajikondesha kwa makusudi.

Mfuko ulioutengeneza ulifika. Nilimwonyesha kila aliyeleta nguo. Fundi baiskeli aliuvuta, akaunusa, akasema, "Bibi, hii nailoni tu, umedanganywa." Nikamwambia, "Nailoni inatokana na mafuta ya petroli. Huu ni wanga wa muhogo mtupu, na aliyeutengeneza nimemwogesha mimi." Akarudi kwenye spoku zake.

Tena nilimweleza kwamba hamharibu chakula, mnatumia mihogo michungu na masalia ya viwanda vya unga. Ingekuwa vinginevyo ningekuandalia fimbo.

Nilijigamba, sikufichi. Miaka thelathini natia wanga kola za watu, na wewe ulianza kuuchuja ukiwa na mapengo. Hao wahandisi wenzako wajue kwamba shule yako ya kwanza ilikuwa beseni la bati lenye tobo.

Sasa sikia. Niliona mfuko ni wa heshima, nikatia ndani ile picha ya kuhitimu uliyonitumia mwaka juzi, nikautundika ukutani, juu ya meza ya pasi. Unajua nguo nazinyunyizia maji, mvuke unapanda kutwa nzima. Wiki ya nne mfuko ukalegea, ukawa kama uji uliopoa, ukagandia picha. Nilipoubandua, uso wako ukatoka nao. Yamebaki joho na mabega.

Ulikuwa umeandika kwamba mfuko huu haupendi unyevu, na kazi yake ikiisha unafukiwa uoze. Mimi nilisoma salamu, maelekezo nikayaruka. Nimgombeze nani? Dobi mzima, hajui wanga na mvuke! Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini. Nimemnunia siku mbili.

Lakini tangu siku hiyo kuna jambo halinipi raha. Nikifumba macho kukutafuta, anakuja yule mtoto wa mapengo, mwenye wanga kidevuni. Huyu mkubwa wa ndevu haji. Miaka saba hujarudi! Nilikuwa namjua kwa picha tu.

Na sasa unaniuliza kama utie saini mkataba wa miaka mitatu mingine huko kiwandani, eti unangoja neno langu. Mama yako anataka nikukatalie. Nimeandika kukukatalia mara mbili, karatasi nikazichana. Kazi yako ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mtaro wetu umeziba kwa mifuko isiyooza, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya meza yangu. Mtu akiwa anatafuta dawa ya hayo, bibi asimshike shati.

Basi tia saini. Ila uje kwanza. Kiwanda kilikuwapo kabla yako, kitavumilia mwezi mmoja. Mimi hiyo miaka mitatu sina hakika nayo. Usinitumie picha nyingine, wala mfuko. Nataka ukae kwenye kigoda hapa mezani, nipige pasi nikikutazama, mpaka nikuzoee. Halafu uende zako.

Mama yako na shangazi yako wanakusalimu sana. Fundi baiskeli pia, ingawa bado anabisha. Mungu akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi, na hii ya kurudi aianze.

Ni mimi bibi yako, akupendaye hata akigomba,

Dobi