Kichwa cha Mbasa

Jumamosi, Mbinga

Kwanza niandike ile raha ya mchana. Kwenye duka la vitabu la kanisani, katikati ya vitabu vya nyimbo, nilikuta kitabu cha mapishi chenye picha. Nilisoma nimesimama mpaka muuzaji akaniletea kigoda, mwishowe nikakinunua.

Mimi Mmatengo wa milimani; kupika samaki kunanitia hofu, hasa mama mkwe akija kutoka Ngumbo, kule ziwani. Leo kaja na mbasa mkubwa, samaki wa Ziwa Nyasa. Nikafuata kitabu: kata kichwa, tupa. Paka akafaidi.

Mama mkwe akafunua sufuria. “Mwanangu, kichwa kiko wapi? Kichwa ni cha mwenye nyumba; mumeo atakula nini?”

Nikamwonyesha ukurasa. Akausoma polepole.

“Aliyeandika hiki hana mkwe.”

Kitabu hajanirudishia. Amefika kwenye keki, ananiuliza kama kuna mayai.