Fomu ya Mzee Ajwang

Nyalenda, Kisumu
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama Dorca mpendwa,

Nakusalimu sana. Mimi na Awuor tu wazima, ila kifua chake bado kinabana kwa huu unyevu wa Nyalenda. Magoti yako je? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Seline imesaidia? Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, na nikipiga kelele kibandani mafundi wenzangu wote wanajua mambo yetu.

Mama, nimepata nyumba. Iko Migosi, vyumba viwili, sakafu kavu, na Awuor atatembea dakika kumi tu kufika shule. Hapa lazima tutoke mwisho wa mwezi kwa sababu ploti hii ya nyumba za kupanga imeuzwa. Nilijitayarisha vizuri: nakala ya kitambulisho, barua ya chama cha washonaji wa Kibuye, barua ya pasta, barua ya mwenye nyumba wa hapa kwamba kwa miaka sita sijamsumbua. Nikazipanga kwenye faili, nikavaa gauni la Jumapili, nikaenda kwa Mzee Ajwang, mwenye ile ploti ya Migosi.

Hakusoma hata barua moja. Alishika fomu, akaweka kidole palipoandikwa "Jina la mume". Mimi nilikuwa nimeandika "Frankline, marehemu".

"Madam, hii ploti tunapea watu wa familia," akasema. "Mwanamke bila bwana ataniletea wanaume wa kila aina. Kuja na bwana, ama hata shemeji. Faili wacha hapa."

Nina mtoto, Mama. Nimemzika mume. Kama hiyo si familia, familia ni nini? Nilirudi kazini na hasira, nikaharibu sketi mbili za shule.

Naomba uniandikie barua, wewe mama wa Frankline, useme unanijua. Wewe ni mzee mwenzake, labda atasikia. Najua hujawahi kulala kwangu, maana kwenu Waluo mama halali katika nyumba ya mwanawe, lakini ninavyoishi unajua. Seline akimaliza kuuza dagaa zake za omena sokoni Kibuye kesho atakuletea barua hii pamoja na sukari.

Mkaza mwanao,
Nabalayo


Asembo Bay
Alhamisi, 6 Februari

Mama Awuor,

Salamu kutoka nyumbani. Magoti yananifikisha kanisani na kunirudisha, nashukuru. Mwewe amechukua vifaranga viwili. Sukari nimepata.

Barua yako nimeisoma mara tatu na nimekasirika. Huyo Ajwang alizaliwa na nani? Lakini binti yangu, mwezi huu una siku chache, na barua ya mwanamke mzee haitamtosha mtu wa namna hiyo. Namtuma Absalom. Ni mdogo wake Frankline, damu moja, na Jumatatu haendi ziwani. Atajaza panapotakiwa, ataweka sahihi, basi. Ni karatasi tu. Usimbishie mbele ya watu, na umpikie kitu.

Mama yako,
Dorca


Nyalenda
Alhamisi, 13 Februari

Mama,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi nina hasira, na sitaifunika kwa salamu.

Absalom alikuja. Mzee Ajwang alimkaribisha kwa soda. Hakumwomba kitambulisho, wala barua ya pasta, wala hakumwuliza anafanya kazi wapi. Aliona mwanaume mwenye koti, akasema, "Sasa tunaongea." Absalom akaandika jina lake palipo na mume. Nilimwambia aongeze "shemeji" pembeni, akakataa. Ufunguo akapewa yeye, akautia mfukoni mwake, na mimi nimesimama mlangoni, faili langu liko palepale mezani halijafunguliwa.

Kisha akaja hapa kwangu. Alikula, akanawa, akavua koti na kulitundika kwenye msumari uliokuwa wa Frankline. Awuor akamwuliza, "Baba mdogo, unalala wapi?"

"Si ni hapa hapa kwenu?" akasema. "Nyanya yako anajua."

Miaka kumi na miwili nimeolewa kwenu. Dholuo yangu bado inakuchekesha, lakini najua koti likitundikwa katika nyumba ya mjane linasema nini. Linasema mjane amerithiwa na ndugu wa marehemu, hata kama mwenye koti hatalala hapo hata siku moja.

Nilimtoa. Nilimnyang'anya ufunguo kwanza, akaondoka akinitukana, koti akaliacha. Nimemrudishia Mzee Ajwang ufunguo wake na kumwambia yule si mume wangu. Akasema basi nyumba hakuna, ila atangoja mpaka mwisho wa mwezi, labda "mtapatana".

Koti utaletewa na Seline. Lilikuwa limepigwa pasi, Mama. Pasi yako ya mkaa naijua, ina kona iliyovunjika, inaacha mstari begani. Nijibu jambo moja tu. Ulijua?

Nabalayo


Nyalenda
Ijumaa, 21 Februari

Mama,

Hujambo? Jumanne Seline alikuja bila barua, na leo pia. Anasema u mzima na unalima. Basi hata kalamu unaweza kuishika.

Zimebaki siku saba. Wameshaanza kung'oa mabati ya choo tukiwa bado tumo. Awuor anauliza kama nyanya amemkasirikia, na mimi sijui nimwambie nini. Ukinyamaza nitajijibu mwenyewe, na jibu hilo litakaa kati yetu mpaka mmoja wetu azikwe.

Nabalayo


Kibuye sokoni
Jumanne, 25 Februari

Binti yangu,

Sijui kama salamu yangu unaitaka, lakini nakusalimu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la Seline. Kutoka hapa nakuona ukishona. Nimeshindwa kuja.

Nilijua. Koti nililipiga pasi mimi. Baba yake Frankline alipokufa, kwangu pia lilitundikwa koti, la mtu niliyemchukia, na hakuna aliyeniuliza. Nililia, nikazoea, nikazeeka nikidhani ndiyo heshima. Ulipolirudisha hili nilikasirika wiki nzima, na nilikukasirikia wewe, kwa sababu umeweza. Ilinichukua siku nyingi kuona kwamba niliyestahili hasira ile si wewe. Nisamehe.

Leo asubuhi nimeenda kwa Ajwang na koti mkononi. Nikamwambia, "Bwana, huyu mama alikuletea barua, hukusoma. Absalom hakukuletea kitu, ukampa ufunguo. Kumbe mpangaji wako ni koti. Haya, nimekuletea." Nikalitundika kwenye msumari wa kalenda yake, mlango ukiwa wazi. Wanawake waliokuwa wakifua bombani waliacha kufua.

Nikamwambia atoe faili anisomee, mimi sioni vizuri. Nilidanganya, naona. Akasoma zote, moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye barua ya pasta sauti ilikuwa imepungua. Mwanamke mmoja pale bombani akasema, "Mzee, hata mimi bwana sina. Ile jina ulikubali ni ya brother yangu wa Maseno, hajawahi fika hapa." Mwingine akasema hata yeye. Kumbe nusu ya ploti ni majina ya wanaume wasiokuwepo, na nyumba uliyoitaka imekaa tupu tangu Desemba.

Ajwang alikata ule mstari wa mume, akaandika jina lako juu yake. Nimehakikisha herufi zote. Ufunguo uko ndani ya bahasha hii.

Nyumba hiyo haina jina la mwanangu. Ni yako. Kwa hiyo hakuna mila inayonizuia kulala hapo, ukitaka. Usipotaka, sitauliza sababu.

Dorca


Migosi
Ijumaa, 28 Februari

Mama,

Habari za huko? Magoti yako yamepona ile safari? Tulihama jana, na Awuor amelala mpaka asubuhi bila kukohoa.

Pasi ile sijaisahau. Hasira ningali nayo, na utaikuta hapa ukija. Lakini uje. Panda gari na Seline Jumanne. Kitanda chako kiko upande wa dirisha, blanketi usilete.

Mzee Ajwang amepita leo kuniuliza lile koti litachukuliwa na nani, maana wapangaji wanalicheka kila wakipita. Nimemwambia anayelitaka ajaze fomu.

Binti yako,
Nabalayo