Wifi Yangu Anataka Kitabu Kinene, Mimi Nimekipenda Chembamba

Mpendwa mshauri,

Nisaidie mwenzio, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana najua ukurasa wako umezoea vilio vya ndoa na wachumba waliotoroka, na mimi ndoa yangu ni nzima, mume wangu hana neno, kilichoniondolea raha ni kitabu cha kiada, tena cha sayansi, na kwa ajili ya kitabu hicho wifi yangu sasa hanisemeshi ila salamu ya juu juu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika chuo cha ualimu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anafundisha baiolojia hapo hapo, meza yake na yangu zinatazamana, na ndiye aliyenitafutia kazi hii, jambo ambalo halisemi lakini halijasahauliwa na yeyote. Muhula ujao tunaanza somo jipya, sayansi ya mfumo wa Dunia, yaani namna hewa, maji, miamba na viumbe vinavyoishi pamoja kama watu wa nyumba moja, huyu akikohoa yule anaamka, na mwalimu wa somo hilo ni mimi. Tunatakiwa kuchagua kitabu kimoja cha kuanzia, na kikishachaguliwa ndicho watakachosomea wanachuo wote, hakibadilishwi mpaka kichakae.

Sasa hapa chuoni tuna desturi yetu. Mchapishaji huleta nakala moja tu ya sampuli, walimu ni wengi na kila mtu ana haraka zake, kwa hiyo mkuu wa idara huchukua kisu cha karatasi, akakipasua kitabu mgongoni na kukigawa kama kuku wa wageni, wa kemia anapewa hewa, wa baiolojia viumbe, wa fizikia jua na joto, mimi miamba, kila mtu anakwenda kusoma paja lake kwake, kisha tunakutana kutoa alama. Ndivyo tulivyokifanya kile kinene chenye picha za kung'aa, na kila mmoja akasifu kipande chake, nami nikasifu changu, maana miamba ilikuwa imepangwa vizuri sana, hata ningeamshwa usingizini ningeitaja yote.

Kile chembamba kilichelewa kufika, mkuu wa idara alikuwa safarini na kisu kimefungiwa kabatini mwake, basi nikakichukua kizima kizima nikaenda nacho nyumbani. Mshauri, laiti ningekiacha.

Nilikaa nacho uani, nimeanika nguo, jua limetulia, nikasoma kwamba maji yanayotoka kwenye nguo hayapotei, yanapanda kuungana na yale yanayotolewa na majani ya miti, na yanapopanda yanaondoka na joto, yanalibeba kimya kimya, na huko juu yakigeuka wingu yanalitua lile joto kama mtu anayetua mzigo, nikainua macho nikaona shuka la mume wangu linapepea, nikajiuliza litanyesha wapi. Nilikaa vile sijui muda gani. Sufuria liliungua ndani, na harufu yenyewe nayo nikaifuata kwa mawazo, nikiiona inatoka dirishani inakwenda zake.

Kesho yake ofisini nikaegemea ukuta, na ukuta wetu ni wa mawe ya chokaa, na kitabu kilikuwa kimeniambia kwamba mawe hayo ni magamba ya viumbe wadogo wa baharini waliokufa zamani, na kwamba sehemu ya magamba hayo iliwahi kuwa hewa, ikayeyuka majini, viumbe wakaifanya nyumba, nyumba zikazama zikawa jiwe, na ipo siku mlima wa moto utairudisha tena kuwa hewa. Nikaweka shavu langu pale ukutani. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Nikahisi kama nimeegemea pumzi ya mtu aliyelala, na machozi yakanitoka, nakwambia kweli, na hapo ndipo wifi alipoingia akanikuta nimeukumbatia ukuta wa serikali.

"Wifi, unaumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Siumwi. Wifi, hivi ulijua ukuta huu uliwahi kuwa hewa?"

Akanitazama, akatazama kitabu mkononi mwangu, akasema, "Aa, ndicho hicho. Kitabu chenyewe nimekipitia. Picha zote ni theluji, mazoezi hakuna. Wanafunzi watakisoma wafurahi, halafu watafeli kwa furaha hiyo hiyo." Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu Mawingu, na ofisi nzima imelipokea jina.

Kikao kimeshakaa mara moja na kura zimegawanyika sawa kwa sawa, yangu ndiyo iliyobaki kwa sababu niliomba muda wa kufikiri, na wifi amesimamia kile kinene na ameshawaambia watu kwamba mimi niko upande wake, bila kuniuliza. Mume wangu nikimwomba neno ananiambia, "Hapo mimi sipo. Huyu dada yangu, wewe mke wangu, na hewa na miamba sivijui." Nikikipigia kura kile kinene nitasimama mbele ya darasa mwaka hadi mwaka nikigawa vipande, nikikipigia chembamba nitaonekana mtovu wa shukrani, na nikifumba macho naona nguo, mawingu na ukuta, sioni jibu. Nifuate moyo au nifuate amani?

Ni mimi,
Mwalimu Mawingu


Mwalimu Mawingu, mwanangu,

Nilipoona neno wifi nilivaa miwani nikijua leo kuna mume wa mtu. Nikakutana na shuka la mume wako mwenyewe. Nimekaa katika kazi hii miaka mingi, nimesoma barua za kila namna, lakini ya mtu aliyeunguza sufuria kwa ajili ya mvuke ni ya kwanza. Nilipoimaliza nilitoka kibarazani nikaangalia mawingu, chai ikapoa. Kwa hiyo pole, nakuelewa, na ugonjwa wako unaambukiza.

Sasa kaa vizuri nikwambie usiyotaka kusikia.

Umeniandikia kwa urefu jinsi mnavyokikata kitabu kama kuku, na unalalamika, na una haki ya kulalamika. Somo lenyewe ni la mambo yanavyoshikana, nanyi jambo la kwanza mlilofanya ni kuyatenganisha kwa kisu! Mwalimu wa kemia atajuaje kama sura ya hewa inaikumbuka sura ya majani, ikiwa majani yako nyumbani kwa wifi yako? Lakini soma tena barua yako. Kile chembamba umekisoma chote, uani na ofisini, mpaka ukalia. Kile kinene umesoma miamba peke yake. Unakihukumu kitabu kizima kwa paja moja, halafu unawashangaa wenzako. Huenda huko mbele kinazo sura zinazofunga yote pamoja na hakuna aliyepewa kuzisoma. Huenda hakina. Wewe hujui, wifi yako hajui, na mkuu wa idara ndiye hajui kabisa.

Na wewe usinichekeshe na moyo wako. Moyo ulikutana na kitabu kizima siku ya jua zuri, wewe ukiwa umeshasoma jiografia miaka kadhaa. Chochote kilichoguswa pale kilikuwa kimeshapandwa ndani yako. Mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kusikia kwamba hewa inaweza kuwa jiwe atakisoma vilevile, au atakwama mstari wa tatu? Hilo hujaniambia, kwa sababu hukulitazama.

Fanya hivi. Wazungukie wenzako meza kwa meza, uombe vipande vyote vya kile kinene, uvishone kwa uzi na sindano kama huna gundi, ukisome mwanzo mpaka mwisho. Najua ni kinene. Utavumilia, wewe ndiye utakayekifundisha. Chukua swali moja linalotembea, mathalani: msitu ukikatwa mlimani, mvua inakuwaje, mto unakuwaje, udongo na hewa navyo vinakuwaje? Lifuate swali hilo katika kila kitabu. Kitabu kizuri cha kuanzia kitakushika mkono kutoka sura hadi sura. Kibaya kitakuacha njia panda kikwambie kila la heri. Halafu angalia kama kinaeleza tumeyajuaje hayo, nani alipima na alipima na nini, maana mwalimu mtarajiwa anayepewa majibu bila kuonyeshwa yalikotoka atakwenda kuwafundisha wengine kukariri. Angalia na ile theluji. Wifi yako hapo amesema kweli, usimkasirikie. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona anahitaji pia vumbi, joto, mafuriko na ukame anaoufahamu. Kama hayamo, wewe utaweza kuyajazia? Mazoezi yanatungika. Uzi unaounganisha sura na sura ukikosekana ni kazi kubwa zaidi kuutia, ingawa mwalimu mzuri anaweza.

Kuhusu wifi, mwanangu, unamwogopa bure na unamkosea. Alikutafutia kazi kwa sababu aliona una kichwa, sasa wewe unataka kumlipa kwa kukificha. Amewaambia watu uko upande wake? Umri wake umempa jeuri hiyo, na kunyamaza kwako kumempa ruhusa. Usisubiri kikao umshtukize mbele za watu, hiyo ni vita. Meza zenu zinatazamana, sogeza kiti. Mwambie, "Wifi, sijaamua, na umesema nimeamua. Chukua hiki chembamba ukisome chote, mimi nasoma kinene chote, kisha tubishane." Akikataa kusoma, amekosa hoja, na wenzenu wataliona hilo. Akisoma na bado akakataa, msikilize, maana atakuwa anasema akiwa anajua. Na kama chembamba kitashinda, mwombe yeye mwenyewe atunge mazoezi. Mtu anayeogopa wanafunzi wasifeli kwa furaha ndiye wa kutungisha mitihani. Mume wako mwache apumzike, amesema hayupo na kweli hayupo.

Mkuu wa idara mwambieni kwa adabu kwamba kisu kibaki kabatini. Kama nakala ni moja, izunguke kutoka mkono hadi mkono. Itachelewa. Bora ichelewe kuliko mkae na kosa mpaka lichakae.

Limebaki moja, na hili usiliruke. Watafute wanachuo wachache, tena usichague wale wa mbele wanaonyoosha mkono kabla swali halijaisha. Mchukue na yule wa nyuma anayetazama dirishani. Wape ukurasa mmoja wa kila kitabu, kila mtu asome peke yake, nawe utoke nje ya chumba. Nimesema utoke. Ukibaki utaanza kueleza, na unaeleza vizuri, nimeona, mpaka mimi nimepoza chai. Ukirudi waambie wakusimulie walichosoma kwa maneno yao, ufunge mdomo, usikilize.

Ikiwa baada ya hayo ni kile kinene kilichowafikisha, kipigie kura hata kama roho inauma, na mawingu yako uyaingize mwenyewe darasani. Wewe utakuwa mbele yao saa chache tu kwa wiki. Saa nyingine zote mtoto wa watu atakuwa peke yake na kitabu, na hatakuwa na wa kumuuliza.