Jina Nitakalokuita

Furaha mjukuu wangu,

Pokea salamu za mtaa wetu wa Albert Park. Lifti imekufa tena, eish, napanda ngazi nikipumzika kila orofa. Mama yako Geneviève anakusalimia. Saluni yake imejaa wateja. Bendera ya Kombe la Dunia bado ndiyo pazia letu.

Umeniuliza kama uliache jina la Niamh, alilomchagulia binti yenu mchanga mume wako Mwairishi, kwa kuwa huku litatushinda kulitamka.

Nilipoolewa Uvira, mama mkwe hakuwa na jina la kuniita. Kila siku ilikuwa "wewe, leta maji." Kisha mama yako akazaliwa, na babu yako akampa jina la Kifaransa. Nikiwa ndani na mtoto mchanga, nilimsikia mama mkwe uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kwa kila pigo la mchi anasema kipande cha jina lile, anakosea, anarudia. Siku niliyotoka nje na mtoto, aliniita mbele ya majirani wote: "Mama Zenevieva, kuja ukule!"

Jina lilikuwa limepinda. Mimi nilikula huku machozi yananitoka.

Basi mwite Niamh. Umesema linatamkwa Niv. Leo nimesonga bukari nikilisema kwa kila mzunguko wa mwiko. Mama yako akachungulia jikoni, akauliza naongea na nani.

Nikamjibu, "Na mtoto wako. Namwita Mama Niv."

Koko wako